Slaidi za Marehemu Khisa

Jirani yetu, Mama Nabangala, husema aliona kwa macho yake: Januari 1986, vita vikiisha, wanajeshi walimpakia baba yangu, polisi Ocira, kwenye lori, kisha akasikia risasi. Kwa neno lake tulizika kofia ya baba, maana mwili haukuonekana. Mpaka leo mama hufagia kaburi hilo kila Januari.

Mimi nafanya kazi studio moja ya picha mtaani Kamwokya, kuingiza picha za zamani kwenye kompyuta. Jana Mama Nabangala aliniletea boksi la slaidi za filamu za marehemu kaka yake Khisa, mpiga picha, ili zionyeshwe kwenye misa ya kumbukumbu. Vipicha vyenyewe ni vidogo kama kucha, yeye mwenyewe hakuwahi kuviona vizuri.

"Haya Acan, nione nilivyokuwa mrembo, nyie mnaniona kizee tu!" alitania, akavuta kiti.

Nilipangusa vumbi kwenye slaidi ya kwanza. Kwenye fremu ya karatasi palikuwa na muhuri wa waliosafisha picha: Machi 1989. Nikaiweka kwenye skana.

Picha ikafunguka polepole. Mbele ya duka moja mtaani Nateete amesimama baba, amembeba mtoto mchanga, na Mama Nabangala amemshika bega, anacheka. Uso ule naujua. Uko ukutani kwetu.

"Alikwenda wapi?" nikauliza.

"Futa hiyo, mwanangu," akanong'ona. "Mama yako ameshalia, yakaisha. Usimwanzishe tena. Nakuomba, futa."

Nikashika kipanya, nikaikuza picha mpaka uso wa baba ukajaa kioo chote.