Sketi ya Marinda na Viatu vya Misumari

Mama mkwe alihamia kwa mwanawe mvua zilipokatika, akiwa na sanduku moja la bati na adabu nyingi mno. Akipewa chai, anashukuru kama mgeni. Akipishana na mtu mlangoni, anaomba radhi. Mke wa mwanawe, fundi cherehani aliyeshonea katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, naye akawa anamjibu vivyo hivyo: "Karibu Mama," "Samahani Mama," mpaka sebule ikafanana na ofisi ya ubalozi.

Siku moja fundi aliomba ruhusa ya kuanika nguo za sandukuni, zisije zikaoza kwa unyevu. Chini kabisa akakuta sketi nzito ya pamba yenye marinda, fulana ya kufuma yenye kola, na viatu vya ngozi vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, vyenye ulimi wa matamvua ulioning'inia juu ya kamba. Akavigeuza. Soli zilijaa misumari mifupi ya chuma.

"Mama, hivi ni vya kupandia miti?"

Mama mkwe akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Fundi hakuwahi kumsikia akicheka hivyo.

"Vya gofu, mwanangu. Misumari inashika nyasi, usiteleze unapopiga."

Akasimulia. Katika usichana wake alikuwa opereta wa simu, na wanawake wa pale kazini walikuwa na timu yao ya gofu. Jumamosi wakitoka zamu wanabadilisha nguo chooni, haooo, uwanjani. Kwa jinsi alivyokuwa na mkono mzito, wenzake walimwita Radi.

"Halafu Baba akakukataza?"

"Nani? Marehemu mkweo ndiye aliyeninunulia viatu hivi! Hakuna aliyenikataza. Mtoto wa kwanza alikuja, nikasema nitarudi wiki ijayo. Wa pili akaja, nikasema wiki ijayo. Basi, hivyo hivyo."

Fundi akakumbuka mteja wake mmoja alivyomwambia kwamba uwanja wa gofu pembeni ya mji unakaribisha wanawake kujaribu, Jumamosi hiyo. Akaitwaa sketi, akampimia mama mkwe.

"Kiuno hakifungi," mama mkwe alisema haraka, kama aliyefurahi kupata kisingizio.

"Kiuno niachie mimi."

Pindo la sketi lilikuwa pana. Fundi akalifumua, akakata vipande viwili, akavitia ubavuni. Mama mkwe alikaa karibu na cherehani akichomoa nyuzi na kusimulia, na mchana huo hakuna aliyemwomba mwenziwe samahani.

Mume wa fundi alipoona maandalizi akashika kichwa. "Mama, na goti hilo? Ukianguka mbele za watu je?"

"Nilikuzaa wewe sikuanguka. Nyasi ndizo zitaniweza?"

Jumamosi mama mkwe alipita kwenye njia ya saruji ya uwanjani, ka! ka! ka!, kama farasi. Wasichana waliovaa suruali za kubana na raba wakamzunguka na simu zao kumpiga picha. Mwalimu wa gofu akamkabidhi fimbo.

Pigo la kwanza lilikata hewa tupu. La pili, alipozungusha mguu, soli ya kulia ilibanduka, kiatu kikaachama kama mamba. Gundi ilikuwa imekufa zamani. Mmoja wa watazamaji akaangua kicheko. Fundi akajilaumu. Si yeye aliyemtia mama wa watu katika aibu hii? Akamkimbilia.

"Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Nifungulie kamba."

Fundi akapiga magoti, akamvua vyote viwili. Radi akasimama na soksi, akavikita vidole vyake majanini, akapiga. Pa! Mpira ukaenda, ukaenda, mpaka mwalimu akavua kofia. Mama mkwe alibaki akiutazama. Kisha akapangusa macho kwa kola ya fulana na kugeuka.

"Sasa wewe."

"Mimi? Mimi mtu wa sindano, Mama."

"Nani kakuuliza? Shika hapa."

Fundi akachimbua bonge la nyasi, mpira ukabaki pale pale.

"Wee! Kichwa chini! Unamtafuta nani huko mawinguni?"

Tangu aolewe, katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumfokea namna hiyo, kama mtoto wa kuzaa. Akajikuta anacheka. Akainamisha kichwa, akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukachepuka, ukafyatuka kuelekea benchi alikokaa mumewe, aliyewasindikiza, akinywa soda. Mwanamume akajirusha chini, chupa huku, kofia kule.

"Jamani, nimemuua!" fundi akapiga kelele.

"Mwache, atainuka," mama mkwe akasema, akimsogezea mpira mwingine kwa kidole cha mguu.