Moto wa Loima

Moshi ulipotanda juu ya milima ya Loima, watu wa Lodwar walidhani ni mawingu, wakashukuru. Akuwam hakushukuru. Alizaliwa kule juu, katika msitu ambao mifugo hukimbilia ukame ukizidi, na baba yake, Lomenen, alikuwa huko bado na mbuzi wao, naye mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Mama yake, Nakal, alikuwa mjini akitibiwa macho.

Akampigia kaka yake, Esekon, mchoma makaa aliyekuwa akiyauza mjini Kakuma. Simu ilikuwa imezimwa. Akaenda ofisi ya misitu. Afisa aliyeitwa Kipngeno alimpa kiti na chai.

"Mama, huko hakuna barabara. Gari letu linaishia chini ya mlima. Tuombe mvua tu."

"Mvua tunaiomba tangu mwaka juzi," alisema Akuwam, akaondoka bila kuigusa chai.

Alipanda mlima pamoja na wanawake wa vijiji vya chini. Waliupiga moto kwa matawi mabichi mpaka nyusi zikaungua. Walipouzima huku, uliruka korongo ukawaka kule. Upepo ulipogeuka walikimbia, wakabaki kuutazama ukila miti iliyowapa kivuli babu zao, hadi ukakosa cha kula.

Lomenen walimkuta kando ya mwamba, amewafunika wanambuzi kwa shuka yake. Hakuna aliyepona. Walimzika pale pale, wakamrundikia mawe.

Esekon alifika na lori, vibarua na magunia. Alilia juu ya kaburi, akalia kweli. Kisha akafuta kamasi na kuwaelekeza vibarua waanzie upande wa bondeni.

"Miti imeshakufa, dada. Tusipochukua sisi, watachukua wengine."

Akuwam alimkazia macho. Kila aliyepanda kule aliuliza kwanza moto umeanzia wapi. Esekon hakuuliza.

"Ulikuwa na tanuri huku?"

Esekon alitazama majivu. "Dogo tu. Nililifunika udongo vizuri. Upepo ndio..."

"Baba alijua?"

"Alinikataza."

Akuwam alishuka mlima akiwa na nia moja, kituo cha polisi. Lakini alipitia kwanza kwa mama yake, akamweleza yote. Nakal aliigusa bandeji iliyomfunika macho.

"Mmoja amezikwa bila mimi kumwona," alisema. "Wa pili unataka kuninyang'anya wewe?"

Akuwam hakwenda polisi. Makaa ya Loima yaliuzwa sokoni kwa magunia.

Matanga yalipokwisha, Esekon alileta mbuzi kadhaa, walionunuliwa kwa fedha za makaa, wa kumfariji mama. Akuwam aliokota fimbo akawafukuza hadi lagani, kwenye mkondo mkavu wa mto. Nakal aliinuka, akawafuata akipapasa ua wa boma kwa mkono, akawarudisha mmoja mmoja.