Mashapo ya Mwaka 2014

Naanza na ufunguo wa stoo, kwa sababu ndio ulionifunga mdomo siku Adela alipokuja.

Mume wangu, marehemu Athanasi, alifanya kazi ya bustani kwa wamisheni miaka mingi. Alipostaafu, bruda mmoja mzee alimpa vipande vya mzabibu avipande kwetu hapa Mshangano. Zabibu yenyewe inaitwa pinot noir. Yeye aliitamka pino nwaa, nasi wote tukaifuata hiyo. Mistari minne tu, nyuma ya nyumba, ikishuka bondeni. Tulivuna mwezi wa tisa, kabla ya mvua. Kila mwaka alitenga chupa mbili, akaziandika mwaka kwa rangi nyeupe, akazilaza stooni. Alitaka kuona shamba lilelile linavyobadilika. Na kweli lilibadilika. Mwaka 2016 mvua iliwahi, zabibu zikapasuka zikiwa mtini. Divai yake ikawa nyepesi na kali, inakaza meno. Mwaka 2018 jua liliwaka mpaka tukanywesha mizabibu kwa ndoo. Divai ikatoka nyekundu kama juisi ya rozela.

Aliyemsaidia ni mkwe wetu Lidwina, mke wa mwanangu Makarius na mama wa mjukuu wangu Jane. Mimi nilikuwa na mahindi na maharage yangu. Lidwina alipogoa, alichuma, alichuja, na Athanasi alipofariki mwaka 2019, ufunguo wa stoo ukabaki kwake.

Pasaka ya 2022 jumuiya ilikuja kusali kwangu. Nikasema leo watu waonje kazi ya marehemu. Nikafungua chupa moja ya 2018 na moja ya 2014. Ya 2018 ikatoka nyekundu, watu wakapiga makofi. Ya 2014 ikatoka imepauka, kama chai ya rangi iliyoongezwa maji mara ya pili, na chini ya chupa kuna tope. Divai ile niliikumbuka ilipokuwa changa. Niliimwaga kwenye kitambaa cha meza, na doa lake halijatoka mpaka leo. Nikaona hapa mtu amekunywa, akajazia maji ya kisima.

Sikumwita pembeni Lidwina, mwenye ufunguo. Nilisema palepale, chupa mkononi, nikawaonyesha watu lile tope. Pankrasi, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akatania kwamba muujiza wa Kana umerudi kinyumenyume, divai imegeuka maji. Watu wakacheka. Lidwina alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Mama, baba alisema ikikaa itapauka," akasema. "Aliniambia nisishtuke."

Nikamjibu, "Usimsimamishe marehemu awe shahidi wako."

Aliweka sinia chini, akanipa ufunguo. Kabla mwezi haujaisha, yeye na Makarius walikuwa wamehamia Lusewa, kwao Lidwina. Makarius akawa ananipigia simu sikukuu kwa sikukuu, na shikamoo ya mkewe nikaletewa humohumo. Mimi nikasema moyoni, ndiyo aibu ya mwizi hiyo.

Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Miaka mitatu haukushikwa na mwingine; nilivuna, nikakamua na kuzilaza chupa mwenyewe.

Mwaka huu, mwezi wa saba, Adela, binti wa jirani anayefanya kazi kwenye kiwanda cha divai huko Dodoma, alikuja likizo. Alipita kuniamkia, akaona mizabibu, akauliza kama kuna chupa za zamani. Nilipomwambia zipo za kila mwaka, hakuamini, nikamfungulia stoo. Akatandika karatasi nyeupe mezani, akapanga glasi, akamimina kidogo kidogo: 2023, 2021, 2018, 2016.

Ile ya 2016 nilimwonya kuwa ni mbaya. Akainusa muda mrefu, akasema ukali ule wa mvua ndio ulioitunza, na kwamba sasa ndiyo tamu kuliko zote. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa naitazama glasi ya 2018. Chupa pacha yake tuliifungua Pasaka ile, nyekundu. Hii ilikuwa imepauka, pembeni imeingia rangi ya tofali. Na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani ameitia maji?"

Adela akacheka. "Hakuna aliyeitia maji, bibi. Zabibu hii ngozi yake nyembamba, rangi yake kidogo tangu mwanzo. Ikikaa miaka, rangi inashuka inalala chini." Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mashapo. Lilikuwa lile tope langu.

Akanipa ninywe. Ilikuwa na harufu ya majani makavu ya msituni na ya uyoga. Ilikuwa nzuri, na niliona aibu kuipenda.

Kesho yake nilipanda basi la Lusewa, chupa ya pili ya 2014 nimeifunga kwenye kitenge. Nilimkuta Lidwina anapukuchua mahindi. Aliniamkia kwa kupiga goti, akaniletea kiti na maji. Ningefurahi kama angenifokea.

"Mama Jane," nikasema, "nilikusingizia. Baba yako alikuambia kweli, nawe uliniambia kweli."

Alipangusa vumbi la chupa kwa kiganja, akasoma mwaka ule kwa mwandiko wa Athanasi. Akasema zabibu zile walizichuma wawili, Jane akiwa mgongoni. Kisha akanirudishia.

"Nimekusikia, mama. Lakini hukunisema hapa. Kaseme kulekule."

Akanipikia, nikala, nikarudi na chupa yangu.

Siku iliyofuata jumuiya ilisali kwa Pankrasi. Ilipofika zamu ya matangazo nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, yote yakanitoka. Nikafungua tu chupa, nikamimina, nikawaambia hii ndiyo ile divai ya 2014, haijatiwa maji, mwizi hakuwepo, aliyesema uongo ni mimi. Pankrasi akasema kwa upole kwamba yale yamepita, wameshasahau, niketi. Sikuketi.

"Ninyi mmesahau. Lidwina hajasahau."

Nikamwomba yeye aliyetania siku ile apige simu Lusewa, aiweke sauti kubwa. Nikayarudia yote mbele ya watu. Kwenye simu tulisikia kuku wa Lidwina.

"Mama, hiyo chupa umekuja nayo kwenye basi?" akauliza Lidwina.

"Kwenda na kurudi."

"Basi mashapo yamepanda. Ilitakiwa isimame siku mbili ndipo muifungue. Mnakunywa chungu hapo."

Watu walitazama vikombe vyao. Kweli ilikuwa chungu, nasi tukaimaliza.

Hakusema atarudi, nami sikumwuliza. Asubuhi nilifungua pindo la kanga, nikatia ufunguo kwenye bahasha, nikaandika jina lake, nikampa kondakta wa basi la Lusewa. Stoo imefungwa, siwezi kuingia. Zabibu zimeanza kuingia rangi, na mwezi wa tisa hauko mbali.