Mgonjwa wa Sasa

…na bado meneja anaongea, kidole kwenye ukuta ulikomulikwa mstari mmoja wa programu, usemao "mgonjwa wa sasa", anauliza nani aliandika kitu hiki, na yeye aliyekiandika anatazama meza kama mtu aliyedondosha sindano, maana ni yeye, siku ile ya haraka, alipochoka kudai kila ombi linalotoka kwa muuguzi lije na namba ya mgonjwa, akasema moyoni, seva na imkumbuke tu mgonjwa ambaye faili lake limefunguliwa mwisho, kuna ubaya gani, na kwenye majaribio haukuwepo, kwa kuwa muuguzi alikuwa mmoja, yeye mwenyewe… lakini hospitali ina wauguzi arobaini na kumbukumbu ile ni moja, huyu akifungua faili la mtoto, yule papo hapo akafungua la mzee, basi wa kwanza akiuliza dozi anapewa ya mzee… sauti ya muuguzi inatoka kwenye simu iliyo mezani, tulivu mno, dawa nilishaivuta kwenye sindano, anasema, nikamtazama mtoto, kilo kumi na nne, nikaona hapana, hii haiwezi kuwa yake… kilo kumi na nne, anawaza aliyeandika, sawa na binti yake mwenyewe, asubuhi kampandisha ngazi mgongoni huku akilalamika kiuno… "Sehemu hii si ilikuwa ya Mzee Taratibu?" meneja anauliza, na vichwa vinaitikia, asiyekuwapo na lake halipo, Mzee Taratibu, mkongwe wao wa kuandika programu, yuko kwao anamzika dada yake, yeye ambaye wiki ileile ya haraka alimwita pembeni, mwanangu, seva usiifanye ikumbuke mtu, kila ombi lijitambulishe lenyewe, naye akajibu ndiyo mzee, nitarekebisha, na hakurekebisha… wataamini kuwa ni mzee, hilo ndilo linalomtisha, wameshaamini, mzee atarudi na msiba wake akute barua ya kufukuzwa, wala hatabisha, atavua miwani aifute, basi… na muuguzi naye angeweza kusema skrini ndiyo iliyosema, nani angemlaumu, ila aliinua macho akamtazama mtoto… mtu anakohoa, kidole cha meneja kingali ukutani, akisema ukweli kazi huenda ikaenda, kodi ya nyumba, ada ya chekechea, hayo yote anayaona na bado kifua kimelegea ghafla, kama mzigo umepata pa kutuliwa, meneja anaanza kuandika jina la mzee, na yeye anasikia sauti yake mwenyewe, ndogo, ikitangulia kalamu, "Usiandike hilo. Ni mimi."