Raba za Mahari

Bibie, jirani yetu anayeuza vitumbua pale malori yanapoegesha hapa Uyole, anasimulia hivi: kwamba wazee wa Ipogolo walikuja kunitolea mahari, ng'ombe wakakubaliwa, pilau ikaletwa mezani, halafu mimi nikaingia na kuwaambia sitaki ng'ombe wao, nataka raba. Anasema mzee mmoja alisimama akavaa kofia yake, pilau ikabaki inapoa, na wageni wakaondoka wakilaani. Anasema yote aliyasikia kupitia dirishani.

Dirisha letu la upande ule limezibwa na kabati. Na tulipika wali na nyama, si pilau. Mengine nitayasema mwenyewe.

Mimi ni Sarah, binti wa mzee Ndalahwa. Sisi ni Wasukuma. Baba alishuka na ng'ombe mpaka Usangu kabla sijazaliwa, baadaye akahamia hapa Uyole akawa analima viazi. Shule niliishia darasa la saba. Siku za kawaida nachambua viazi sokoni, na mwisho wa wiki nashika kibendera kwenye mechi. Redioni wanasema refa msaidizi, huku tunasema mshika kibendera. Nakimbia pembeni ya mstari, macho kwa beki wa mwisho, mtu akiotea nanyanyua. Watu wananitukana sana. Nimezoea. Hata Nashoni, mchumba wangu, tulijuana hivyo. Timu yake ilitoka Ipogolo, kule Iringa, ikaja kucheza na vijana wetu, akafunga goli, nikanyanyua kibendera. Mechi ilipoisha akaja kunibishia, akabisha mpaka watu wote wakaondoka uwanjani. Nikamwambia kama ana hoja nyingine aje nayo kesho. Akaja.

Wachezaji wana njumu; mimi nina raba. Kwetu raba ni kiatu chochote cha kamba chenye soli ya mpira, kiwe cha turubai cha mtoto wa shule au cha mtumba kilichotoka Ulaya. Vijana wa mjini wakitaka kujionyesha wanasema snika, wakifika nyumbani wanasema raba kama sisi. Lakini ukimtajia mzee raba, yeye anaona mambo mawili tu: mchakamchaka wa shule, au kibaka sokoni. Kwa wazee raba ni kiatu cha kukimbilia. Nilijua hilo, na bado nilizitaja. Sababu yake niliiona Ipogolo.

Nashoni alikuwa amenipeleka kusalimia kwao. Walinipokea vizuri, sina la kulalamika. Pale sebuleni kuna cherehani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake imewekwa redio. Nikauliza ni ya nani. Nikaambiwa ni ya Veneranda, mke wa kaka yake Nashoni, ambaye kabla hajaolewa alikuwa fundi nguo na wateja wake walikuwa wanapanga foleni. Nilimfuata jikoni nikamuuliza nani alimkataza. Alifikiri kwanza, mwiko mkononi.

"Hakuna aliyenikataza, mdogo wangu," akasema. "Ila hakuna aliyesema nishone."

Njia nzima mpaka Uyole nilikuwa nayatafuna maneno hayo.

Kwetu mahari si ng'ombe tu. Kuna blanketi la bibi, kuna koti la babu. Kila kitu kinatajwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, na kikishatolewa kinatumika. Hakuna mkwe anayeweza kuja kuuliza kwa nini bibi kajifunika blanketi, maana alilileta mwenyewe. Basi nikaona kibendera changu nacho kipitie mlango huo huo.

Siku ya wageni, wanaume walimalizana kwanza habari za ng'ombe, ndipo nikaitwa. Desturi ni kwamba binti anaulizwa kama anawafahamu wageni, na kama mahari ipokelewe. Wengi wanaitikia kwa kichwa na kutoka. Mimi nilipiga magoti, nikasalimia, nikasema nawafahamu, ila kuna kitu kimoja hakijatajwa. Naomba raba, na ziletwe zenyewe, mkononi mwa baba mkwe.

Kisha baba mdogo wa Nashoni, anaitwa Saulo, mtu wa utani sana, akawageukia wenzake.

"Jamani, ng'ombe wetu watabaki hapa, na huyu atatoroka na raba tulizomnunulia wenyewe."

Walicheka wote, hata baba. Nikasubiri wamalize.

"Ningetaka kutoroka, baba mdogo, ninazo za zamani."

Hapo alicheka Saulo peke yake. Mzee Kashindye, baba yake Nashoni, hakucheka. Aliuliza raba za nini. Nikamwambia ni za kushikia kibendera, huko huko Ipogolo, nikishaolewa. Hakunijibu mimi. Alimwambia baba kwamba thamani ya hizo raba wataiongeza kwenye mahari, watu wazima wasihangaike na viatu. Baba alikuwa ameshaanza kukubali. Nikasema sitaki thamani yake, nataka raba. Nikaulizwa tena kama mahari ipokelewe. Nikasema bado. Nashoni muda wote alikuwa anaangalia miguu yake.

Wageni walikula, wakanawa, wakaaga kwa heshima wakisema watarudi. Mzee alivaa kofia kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha.

Baada ya hapo baba hakusema na mimi. Nikimwekea maji ya kuoga, anaoga, lakini neno hatoi. Mama yeye alinifuata sokoni nikiwa nachambua viazi, akachutama pembeni yangu, akaanza kuchambua na yeye.

"Mayu," akasema, jina analoniita akitaka nimweleze ukweli, "ni raba au ni kibendera?"

"Ni kibendera."

"Si ungesema kibendera."

"Nikitaja kibendera kitupu wangesema tutaona. Raba hawawezi kusema tutaona, mama. Ama wamezileta, ama hawajazileta."

Alitupa kiazi kilichooza, akafuta mikono. Akasema nikiharibu hii ndoa baba hatanisamehe, na kwamba yeye atajaribu kumpoza. Hakusema niache.

Nashoni alipiga simu. Akasema yeye hana neno na kibendera, nishike hata viwili, lakini nyumba ni ya baba yake. Kwa nini nisiingie kwanza, tukayazungumza taratibu tukiwa ndani? Nikamwambia Veneranda naye yuko ndani. Akaniuliza navaa namba ngapi.

Walirudi viazi vilipokwisha kuvunwa. Walikaa vile vile, baba upande wake, wao upande wao, na ng'ombe hawakuzungumzwa tena. Nilipoitwa, Saulo alitoa mfuko, akampa mzee Kashindye, na mzee akanikabidhi kwa mikono miwili. Zilikuwa raba nyeupe zenye mstari wa kijani, mpya kabisa. Nikazigeuza. Soli ilikuwa na meno, ya kushika nyasi mbichi. Hizo alichagua Nashoni. Hakuna mwingine mle ndani ambaye angeangalia chini ya kiatu.

"Zimependeza," mzee akasema. "Utavaa siku ya sendofu, ukiagwa hapa kwenu."

Wote wakaitikia kwamba kweli zimependeza. Baba akakohoa, akaniuliza kama sasa mahari ipokelewe. Usoni alikuwa mtu aliyechoka, na ananiomba.

Nilikaa kwenye mkeka nikazivaa pale pale. Nikafunga kamba mara mbili, kama ninavyofunga kabla ya mechi. Zilinikaa sawasawa. Kisha nikapiga magoti nazo mguuni.

"Baba," nikamwambia mzee Kashindye, "nashukuru sana. Naomba kitu kingine, na si cha kununua. Naomba utamke mbele ya wazee hawa, kwamba Jumapili kukiwa na mechi Ipogolo nitatoka nyumbani kwako na hizi mguuni na kibendera mkononi, na jioni nitarudi nyumbani kwako."

Safari hii Saulo hakutania. Nashoni aliinua kichwa akamtazama baba yake. Mzee Kashindye alichukua kikombe, akakuta chai imeisha, akaendelea kukishika.

Baba alikuwa ananisubiri mimi niseme kama tupokee. Mimi nilikuwa namsubiri mzee, na sikuinuka.