Rangi ya Mlango wa Jikoni

Mama aliliita lile gari mke mwenza, na usidhani alikuwa anatania sana. "Mwambie mke mwenza wangu apishe, nianike nguo," alikuwa akisema, naye Baba akilisogeza huku akilipapasa usukani kana kwamba analiomba radhi. Mtaa mzima ulijua kwamba yule mzee analipenda gari lake kufa na kuoza, na kwamba mkewe hataki hata kulisikia.

Lakini asubuhi ile utani ulikuwa umekwisha. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa njiani, na aliyempigia simu ni Mama mwenyewe. Juzi Baba alirudi nyumbani anahema, jasho linamtiririka, mkono kifuani, baada ya kulisukuma gari lililomzimikia barabarani. Moyo wake haukuwa moyo wa kusukuma magari. Daktari alishasema mpaka akachoka. "Lisipopona leo linaondoka," Mama akakata shauri. "Sitaki kuachwa mjane kwa ajili ya betri." Baba hakubisha. Aliamka mapema akalisugua gari kwa sabuni, kama mtu anayemwandaa mgeni wa kuondoka.

Binti yao alifika na mita yake ya kupimia umeme mfukoni, roho juu. Ni fundi umeme wa magari, na hata wazazi wake siku hizi wanamwita Fundi. Ndani ya gari lile ndimo alimojifunza kuendesha, na kiti chake cha nyuma ndicho alicholalia utotoni safari zilipokuwa ndefu. Kusema kweli, alitaka kulia kabla hata hajafungua boneti.

"Umeshabadilisha nini, Baba?"

"Betri. Mkanda. Altaneta nayo nimefunga nyingine. Bado asubuhi linaamka kwa kuburuzwa."

"Lilianza lini?"

"Tangu nilipotoka kumuuguza baba yako mkubwa. Nililiacha zima, nikalikuta linaumwa."

Haya. Fundi akawasha injini, akawasha na taa, akagusisha nyaya za mita kwenye betri. Volti kumi na mbili na nusu tu badala ya kumi na nne, na injini inanguruma! Hapo ndipo mafundi wenye haraka wanapokuuzia altaneta nyingine, Mungu awasamehe. Yeye akahamishia mita kwenye altaneta yenyewe, inayozalisha umeme wa kuchaji betri: kumi na nne na ushee. Kumbe altaneta nzima, inapika vizuri, ila chakula hakifiki mezani.

"Kinapotelea njiani," akanong'ona.

Akapima njia ya waya mwekundu, akaikuta safi. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Hapo mita ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma karibu volti mbili.

"Ehee! Nimekukamata!"

Akaufuata waya mweusi wa ethi mpaka pale unapofungwa kwenye bodi, kwenye kona chini ya betri, akafungua bolti. Chini ya bolti palitakiwa kuwa na chuma kitupu. Palikuwa na rangi. Rangi yenyewe ya kijani, nzito, imepakwa kwa utulivu mpaka pembeni. Fundi akaitazama, halafu akageuza shingo taratibu, akautazama mlango wa jikoni, uliopakwa rangi ileile. Baba naye akageuza shingo.

"Mama Fundi!" akaita. "Hebu njoo huku."

Mama akatoka na beseni la nguo mbichi. Alipoiona ile bolti mkononi mwa bintiye, uso ukamshuka.

"Palikuwa na kutu," akasema, hata kabla hajaulizwa. "Baba yako alipokuwa kule kwa kaka yake nilisikia panya humo, nikafungua. Nikaona kutu inalila. Nikajisemea, hili likioza, huyu mzee ataoza nalo. Na rangi ilikuwa imebaki kwenye kopo."

"Na chini ya bolti, Mama?"

"Sasa nipake juu juu? Umeshaniona mimi nikifanya kazi ya juu juu? Nilifungua, nikapaka, nikasubiri ikauke, nikafunga."

Kweli kabisa. Huyu ni mwanamke anayesugua sufuria mpaka tako lake ling'ae.

"Umeme unarudi kwenye betri kupitia hapa," Fundi akasema kwa upole. "Rangi inauzuia. Unapenya kidogo tu kwenye nyuzi za bolti, ndiyo maana betri haijai."

Mama akaweka beseni chini. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekuwa namsukumisha gari na moyo wake ule."

Baba alikuwa anacheka mpaka machozi. "Yaani miaka yote hii unamsema mchana kutwa, kumbe nikitoka unamremba!"

"Nyamaza wewe," Mama akasema, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe kifuani pa mumewe, ukatulia pale.

Fundi akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akarudisha waya, akakaza, akapaka grisi kidogo. Akapima tena kwenye betri. Kumi na nne na ushee, taa zikiwa zimewaka.

Nje honi ikalia. Mama akaenda getini mwenyewe.

"Nimefuata lile gari bovu, mama," akasema mnunuzi wa vyuma chakavu toka kwenye lori lake.

"Gari bovu lipi?"

"Si ulinipigia simu wewe mwenyewe?"

"Nilipiga," Mama akasema. "Lakini aliyemo humu ni mke mwenza wangu, na ndiyo kwanza ametoka kuumwa. Nenda salama, baba."

Akafunga geti, akarudi akaokota beseni lake. "Na wewe, msogeze huko nianike nguo."

Baba akaingia, akageuza ufunguo. Gari likawaka papo hapo. Mama akabaki amesimama na beseni kiunoni, akisikiliza, wala hakuona haya kulia mbele yao.