Kovu la Upande wa Kushoto

Jina lilikuwa la mama, lakini uso haukuwa wake. Nilizisoma tena zile nukta nundu chini ya sanamu, kidole kikienda polepole kama cha mtoto wa darasa la kwanza, kisha nikapandisha mkono: kidevu, midomo, pua, paji. Paji lilikuwa laini kama sahani. Nyuma yangu kipaza sauti kilikoroma, na mheshimiwa fulani akasema kwamba leo mji umewakumbuka hata wasioona. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa napapasa mwanamke nisiyemjua.

"Umempata?" baba aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

Nikasema nimempata. Ningesema nini mbele ya watu wote wale?

Mama alifia sokoni, ghorofa lilipoporomoka asubuhi watu wakiwa bado wanapanga bidhaa. Ndugu zake walibaki na picha. Mimi nimezaliwa sioni, na picha kwangu ni karatasi yenye ncha nne. Nilichobaki nacho kilikuwa vidoleni, na zaidi ya yote lile kovu, kibonde kifupi juu ya jicho lake la kushoto, alichokipata utotoni alipoanguka na ndoo. Nilipokuwa mdogo sikulala mpaka kidole changu kiingie humo. "Haya, zima taa tulale," alikuwa akiniambia, na mimi nabonyeza.

Mji ulipoamua kuweka ukuta wa sura za waliokufa, chama chetu cha watu wenye ulemavu kilipiga kelele mpaka tukakaukiwa na sauti. Tulikuwa tumechoka na sanamu za kuwekwa juu ya nguzo, mwenye kiti cha magurudumu aishie kuona nyayo na asiyeona aishie kuhadithiwa. Safari hiyo walitusikia. Sura zingewekwa usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, na kila mtu angeruhusiwa kuzishika.

Mchongaji, mwanamke wa maneno machache, aliniita kwenye karakana yake. Hakutaka picha. Aliniwekea bonge la udongo mbichi akasema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha, mikono yake ikifuata yangu, nikibomoa pua na kuianza upya, mpaka nilipobonyeza kile kibonde kwa kidole changu mwenyewe. Hapo nililia kwa kwikwi. Mama alikuwa amerudi, na safari hii hakuna aliyeweza kumwondoa. Udongo ukafanyiwa kalibu ya kunakili sura yake, kalibu ikamwagiwa saruji.

Kazi ya kuzipachika sura ukutani na kuziba matundu alipewa baba. Hakukuwa na fundi wa plasta kama yeye. Mtaani walimwita Fundi Kioo, na vijana walitania kwamba mbele ya ukuta wake unaweza kujitazama ukichana nywele. Mama naye hakuwa nyuma. "Ipo siku utanipiga plasta na mimi," alikuwa akimchokoza. Baba anajibu, "Wewe hujapinda popote."

Kesho yake baada ya uzinduzi nilimfuata mchongaji, baba akiwa amenishika mkono. Nilidhani wamekosea jina, au mama yuko sehemu nyingine ya ukuta.

"Hawajakosea," mchongaji alisema. "Nilikwenda kumwangalia. Kuna mtu amemziba."

"Basi mtoe mwingine kwenye kalibu."

"Kalibu huvunjwa sanamu ikishatoka. Na udongo nimeshautumia."

Baba aliuachia mkono wangu.

"Ni mimi," alisema.

Alimziba kovu kwa saruji laini, akampiga msasa paji lote na mikunjo ya chini ya macho. "Alikuwa anashusha kitambaa kila akitoka nje, ili lisionekane," alisema. "Ningemwachaje hivyo, mji mzima umwangalie?"

Nilitaka kumpigia kelele na sikuweza, kwa sababu lilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nyumbani hakuwahi kuvaa kitambaa.

Yaliyofuata ndiyo mabaya kuliko yote. Kila nilipomkumbuka mama, vidole vilinirudishia yule wa ukutani. Nilijishika paji langu mwenyewe, nikishikashika juu ya jicho kama mtu aliyepoteza funguo, na nikapata ulaini tu. Nikaacha kula. Nikaacha kuongea na baba, naye akawa anaweka sahani mbele yangu na kuiondoa ikiwa bado imejaa. Mama alikuwa anakufa tena, taratibu, mikononi mwangu, na sikuwa na la kufanya.

Asubuhi moja baba aliniambia nivae viatu. Begi lake la kazi lilikuwa likigongana vyuma njia nzima. Tulipofika ukutani alipiga magoti, akatoa nyundo na tindo la kuchongea.

"Mwanangu," akasema, "ni upande gani?"

Maisha yote ya ndoa alikuwa amemtazama, kovu lenyewe akaliziba kwa mikono yake, na bado hakujua. Nilishika kidole chake kinene, kilichokauka kwa saruji, nikakiweka mahali pake. Akapachika tindo hapo.

"Mzee! Unaharibu mali ya umma!" mlinzi alipiga kelele, viatu vyake vikija mbio.

"Ni mke wangu," baba alisema, akaanza kugonga.

Mlinzi hakumgusa. Labda aliona usoni mwa baba jambo ambalo mimi nililisikia tu kwenye pumzi zake. Mikono iliyonyoosha kuta za nusu ya mji haikuzoea kuchimba kovu. Tindo likateleza, likachana mpaka karibu na sikio. Alipomaliza aliniachia nafasi, nikagusa. Halikuwa kovu la mama. Lilikuwa refu mno, limepinda, lina kingo za kukata ngozi.

"Ndilo?" aliuliza.

"Ndilo, baba."

Yeye naye sasa hayupo, na hakuna ukuta uliowekwa sura yake. Kovu la mama sikulipata tena. Lakini bado nakwenda pale, nasoma jina la mama, napandisha mkono mpaka juu ya jicho la kushoto, na kidole kinafuata ule mchano mpaka mwisho. Fundi Kioo hakupindisha kitu kingine maishani mwake, na pale ndipo ninapomshika.